Strati baa: chuma hiki kitasaidia gari lako, au kitapamba boneti tu?

Ukipita kwenye gereji za Mombasa Jumamosi jioni, hasa zile wanazokusanyika vijana, utaona boneti zimeachwa wazi makusudi. Kinachoonyeshwa si injini. Ni chuma kirefu, chekundu au cha buluu, kilicholala juu ya injini kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Madukani chaitwa strati baa. Wenye nacho husema gari limeanza kushika barabara, na wauzaji huongeza yao: kona haimtishi dereva, matairi hayaliki upande mmoja, usukani haupepesuki, gari zima limekuwa salama.

Baadhi ya hayo ni kweli, baadhi ni nusu kweli, na mengine ni maneno ya dukani. Na kujua lipi ni lipi kuna faida kuliko pesa. Kijana aliyeaminishwa kwamba chuma hiki kimemwongezea usalama ndiye atakayeingia kona za Mazeras kwa mwendo ambao juzi asingeuthubutu, na huku chini ya gari boljointi imekwisha na shoki zinavuja mafuta. Strati baa haimwambii hayo. Pengine yamficha.

Kwanza tuelewe chafanya nini

Magari mengi madogo tunayoendesha hayana chesisi ya chuma ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Mbele, kila gurudumu limeshikwa na mguu mmoja ambamo shoki na springi zimeungana. Mguu huo ndio strati. Chini umefungwa kwenye mkono wenye boljointi, na juu umefungwa kwenye bodi. Fungua boneti utaona, kulia na kushoto karibu na kioo, sehemu mbili za bodi zilizoinuka kama sufuria zilizofudikizwa, kila moja ina nati tatu hivi zimezunguka nati kubwa ya katikati. Hivyo ndivyo vichwa vya shoki, na kati yao pana nafasi ya kama mita moja.

Mtindo huu una jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson. Magari ya kwanza kuuzwa nao kwa wingi yalikuwa Ford Consul na Zephyr za Uingereza, zilizozinduliwa mwaka 1950. Ulipendwa kwa kuwa ni rahisi kuunda, hauchukui nafasi, na injini yapata pa kukaa. Wazee wanaoikumbuka Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, wajue nalo lilikuwa na strati mbele. Kwa hivyo si teknolojia ya juzi.

Ila una gharama yake. Nguvu nyingi zinazotoka barabarani hupanda kwa mguu ule mmoja hadi kichwa cha shoki, na kichwa kile kimeshikwa na bati la bodi. Sasa chukua sanduku la mbao lisilo na kifuniko, ulishike pembe mbili ulinyonge. Litapinda. Gongomea ubao mmoja juu, toka ukuta mmoja hadi wa pili, kisha ulinyonge tena. Utaona tofauti. Sehemu ya injini ni sanduku la namna hiyo, kwa sababu boneti haishiki kitu, ni pazia tu. Ukiingia kona kwa kasi, uzito hulalia gurudumu la nje, na kichwa cha shoki cha upande huo husukumwa, pengine kwa milimita moja au chini yake. Milimita hiyo hubadilisha kidogo mwinamo wa gurudumu, na tairi likainama vingine halikanyagi barabara kama lilivyopangwa. Dereva huhisi usukani umechelewa kujibu.

Strati baa ni ule ubao. Huvishika vichwa viwili visisogeleane wala kuachana. Basi. Kazi yake ni hiyo moja.

Na kwa kuwa ni hiyo moja, kuna mambo haiwezi kuyafanya hata ikiwa ya bei gani. Gari kulalia upande mmoja kwenye kona ni kazi ya stebilaiza, springi na shoki. Gari kudundadunda baada ya tuta ni shoki. Gari kuvuta upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka ni alaimenti, upepo wa tairi, au breki iliyokwama. Usukani kutetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa ni balansi ya magurudumu, au kitu kimelegea. Na kuteleza kwenye lami yenye maji ni tairi. Mtu aliyefunga strati baa juu ya matairi yaliyokwisha mistari amenunua kilemba kabla ya kanzu.

Si kila gari linalo pa kuifunga

Vitz, Probox, Fielder, Note, Demio, Fit na Impreza zote zina strati mbele, kwa hivyo baa yaweza kuwa na kazi. Mark X mbele ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na nguvu za kona hugawanywa na mikono hiyo kabla ya kufika juu. Honda Civic za miaka ya tisini, zile wanazozienzi vijana, nazo ni hivyo hivyo. Magari ya aina hii hupata faida ndogo sana kutoka kwa baa ya juu, ingawa maduka hayatasita kukuuzia. Hiace nyingi za matatu na Prado hazina strati kabisa. Akikuambia mtu Hiace yake ya matatu inahitaji strati baa, mwagie kahawa mzungumze mengine.

Nyuma ndiko watu hupotezea pesa zaidi. Vitz, Note, Demio na Fit za kawaida zina mhimili mmoja wa kupinda nyuma, hazina strati. Baa ya nyuma kwenye magari hayo huunganisha tu pahali shoki zinapofungwa, na sanasana itakula nafasi ya buti. Impreza na Forester za kabla ya mwaka 2007 ni hadithi tofauti, hizo zina strati hata nyuma, na mwenye nayo aweza kuifikiria.

Tena umri una neno. Bodi za magari mapya zimeundwa ngumu kuliko za miaka ya tisini, na baadhi ya magari ya mwendo kasi hutoka kiwandani yakiwa na baa tayari. Chungulia kwanza ndani ya boneti yako. Usije ukatoa ya kiwanda iliyo nzuri ukaweka ya rangi iliyo dhaifu, jambo ambalo hutokea.

Pima kabla ya kulipa

Hapa pana njia rahisi ambayo haihitaji duka lolote. Tafuta paipu mbili nyembamba za plastiki kama zile za kupitishia nyaya za umeme, moja iingie ndani ya nyingine bila kulegea sana. Zifunge kila ncha kwenye kichwa kimoja cha shoki, ukitumia bati dogo lenye tundu chini ya mojawapo ya zile nati ndogo, na kuwe na umbali salama na feni na mkanda wa injini. Kisha funga zipu ya plastiki kwenye paipu nyembamba, igusane na mdomo wa ile pana. Paipu zikisukumwa, zipu itasogea na kubaki iliposukumwa. Endesha njia yako ya kila siku, matuta na kona, kwa mwendo wako wa kawaida. Rudi upime zipu imesogea kiasi gani.

Ikisogea chini ya nusu milimita, gari lako halina ugonjwa ambao dawa yake ni strati baa. Ikisogea milimita moja au mbili, kuna kitu cha kushikwa. Na ikisogea zaidi ya hapo, usifurahi kwamba umepata sababu ya kununua. Mwite fundi wa bodi aangalie kama vichwa vya shoki vimepasuka au vimeoza.

Kuoza ndilo tatizo la sisi watu wa pwani. Chumvi ya baharini haipigi hodi. Gari linalolala Nyali, Kizingo au Bamburi karibu na maji hupata kutu mahali ambapo la Nairobi halipati. Na gari lililotoka Japani, hata kama sheria yetu haikubali lililozidi miaka 8, laweza kuwa limetumika sehemu za theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Kutu hiyo huanzia chini, ndani ya matao ya magurudumu, na juu ya boneti rangi bado inang'aa. Kwa hivyo usiangalie kichwa cha shoki kwa juu peke yake. Toa gurudumu, ingiza tochi, kwaruza tope, tafuta pahali bati mbili zilipounganishwa. Ukiona magamba ya kutu, au rangi iliyofura kama malengelenge, au ufa unaozunguka nati, hapo pesa ziende kwa mchomeleaji. Baa iliyofungwa kwenye bati lililooza haishiki kitu. Hung'oa.

Ukishamaliza bodi, panda chini ya gari na fundi unayemwamini: bushi za mikono, boljointi, mipira ya juu ya shoki, tai-rodi, shoki zenyewe. Barabara zetu hizi zenye mashimo baada ya mvua za masika huzimaliza mapema. Mara nyingi bei ya strati baa nzuri hutosha seti ya bushi za mbele pamoja na ufundi wake, na tofauti utakayoisikia kwa bushi mpya ni kubwa kuliko ya baa yoyote iliyowahi kuundwa. Mimi binafsi sioni haya kusema kwamba kwa magari saba katika kumi ninayoyaona yamefungwa chuma hiki, mazungumzo yangeishia kwenye bushi.

Tuseme gari ni zima na umepima

Sasa ingia dukani, na uanze kwa kutoitazama rangi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara hii kibaya hujitembeza kwa rangi na stika.

Tazama ncha. Baa ina vipande viwili vya kukalia vichwa vya shoki na paipu inayoviunganisha. Katika nzuri, paipu imechomelewa moja kwa moja kwenye vipande hivyo, au imefungwa kwa bolti mbili nene zisizoacha mwanya. Katika dhaifu, kila ncha ina bolti moja tu, na paipu yaweza kupanda na kushuka kama bawaba ya mlango. Hiyo huzuia vichwa kusogeleana, lakini sanduku likinyongwa, bawaba hufuata tu. Ishike mkononi dukani uitikise. Ikigongagonga kwenye bolti zake hata kabla haijaona barabara, irudishe.

Kuna moja inayoweza kukuchanganya. STI, kitengo cha Subaru, huunda baa yenye kiungo katikati kwa makusudi, ili ikaze upande kwa upande lakini iruhusu vichwa kupanda na kushuka, gari lisiwe gumu kwenye matuta. Kiungo hicho ni cha chuma kilichochongwa kwa kipimo, hakina mchezo. Asikwambie mwenye duka kwamba bawaba zake zinazolia ni teknolojia ile ile.

Tazama umbo. Paipu iliyonyooka ni ngumu kuliko iliyopinda, na kila pindo ni mahali pa kunyumbulika. Magari mengine hayakubali ya kunyooka kwa sababu ya injini, hapo utakubali pindo dogo. Iliyozunguka injini kama upinde wa mshale ni pambo.

Tazama chuma chenyewe. Baa ya chuma cha kawaida yenye paipu nene ni ngumu, ni rahisi, na uzito wake wa kilo mbili hadi nne hautaubadilisha mwendo wa Fielder. Alumini ni nyepesi, lakini ili ifikie ugumu wa chuma lazima paipu iwe nene zaidi, na nyingi za bei nafuu si nene. Tena alumini ikikutana na chuma cha bodi penye hewa ya chumvi, hulana. Ukiichagua, hakikisha vipande vya kukalia vimepakwa rangi na upake grisi kidogo kabla ya kufunga. Za nyuzi za kaboni ni za mbio na za watu wenye pesa. Wengi wao wamenunua stika yenye sura ya kaboni juu ya alumini.

Tazama jina, ila usiliamini peke yake. Cusco na Tanabe za Japani, Ultra Racing ya Malaysia na Whiteline ya Australia ni watengenezaji wanaojulikana, na kila moja ya bidhaa zao huwa na nambari ya gari iliyoundiwa. Nembo hughushiwa, nambari hiyo haighushiwi mara nyingi kwa sababu waghushi hawajali. Muulize muuzaji baa hii ni ya modeli gani, si ya kampuni gani. Vitz mbili za miaka tofauti zaweza kuwa na vichwa tofauti. Akijibu kwamba inaingia Toyota zote, ondoka. Baa iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa kwa spea, huwa chaguo zuri kuliko mpya ya bandia, bora gari lile liwe halikugongwa mbele. Ilaze sakafuni penye usawa. Vipande vyote viwili vikae chini bila kuyumba.

Na usiagize kwa jirani mchomeleaji akuchongee paipu ya maji. Ufundi wake kwenye mageti sina neno nao, lakini tundu likikosewa milimita mbili, utakazo nati zitavuta kichwa cha shoki mahali pake kila siku ya Mungu.

Kuifunga

Ni kazi ya nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo kuna kosa moja linaloweza kumvunja mtu uso. Nati ndogo za pembeni ndizo zinazofunguliwa. Nati kubwa ya katikati isiguswe kabisa. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa springi huruka kwa nguvu ya uzito wa gari. Fundi akielekeza spana huko, mzuie mkono.

Gari likae kwenye sakafu ya usawa, magurudumu yote manne chini, bila jeki, maana lililoinuliwa bodi yake imekaa vingine na utaifunga baa ikiwa imevutwa. Kabla ya kukaza, hesabu nyuzi za bolti. Kipande cha baa kina unene wa milimita kadhaa, na nati lazima ishike nyuzi zake zote na ncha ya bolti itokeze juu. Ikiishia ndani ya nati, baa hiyo haikufai. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mafundi wetu wengi hukaza kwa mkono na kuomba dua. Bolti hizi ni nyembamba, na zikikazwa kupita kiasi hukatika. Baa zenye skrubu ya kurefusha zina mtego wake: mtu huizungusha hadi ilie, akidhani kukaza zaidi ni kushika zaidi, kumbe anavisukuma vichwa vya shoki nje. Ifikishe ilipogusa, kisha ufuate maagizo ya mtengenezaji, si ya rafiki.

Kisha chukua madonge matatu ya unga wa chapati, uyafunike kwa plastiki, uyaweke juu ya baa, mawili pembeni na moja kati. Funga boneti taratibu, fungua. Unene wa donge lililobanwa ndio nafasi uliyo nayo. Fanya hivyo hivyo kati ya baa na injini, kwa sababu injini haikai kimya, huinama unapokanyaga mafuta, na mauntini zikiwa zimechoka huinama zaidi. Ikiwa nafasi haifiki upana wa kidole, utaanza kusikia mgongano ukiwa kwenye foleni ya feri, na utaufuatilia wiki nzima. Angalia pia kifuniko cha mafuta ya breki na paipu zake visiguswe.

Peleka gari alaimenti baada ya hapo. Kwenye magari mengine matundu ya vichwa vya shoki yana nafasi kidogo, na nati zikilegezwa mguu husogea. Baada ya kilomita mia moja hivi, kagua nati tena.

Na jambo moja lifahamike kwa anayeishi na mashimo. Bila baa, gurudumu la kushoto likitumbukia kwa kishindo, kichwa cha kushoto ndicho kinachobeba. Pakiwa na baa, sehemu ya kishindo huvuka hadi kulia. Kwa kishindo kidogo ni faida. Kwa kile kikubwa cha kupindisha rimu, waweza kujikuta na vichwa viwili vya kunyooshwa mahali pa kimoja. Ukipata ajali ya namna hiyo, fungua baa kwanza kabla ya fundi kupima bodi. Ikigoma kutoka, au ikitoka halafu ikakataa kurudi kwenye bolti zake, bodi imesogea.